Skrubu mbili zilivyomuaibisha fundi wa malori

Kitu kilinipita karibu na sikio la kulia, fyuu, nikadhani ni wale wadudu wakubwa wa huku Texas, nikaendelea kutafuta bamba la pili la shabaha, mara naona mbona doti ya kulengea siioni. Naangalia juu ya bastola, hamna kitu. Redi doti yangu, yaani saiti ya kulengea inayofungwa juu ya bastola, Holosun 507C niliyoidunduliza miezi minne, haipo, imebaki pleti tupu, kile kibamba cha kuishikia. Nikaacha kidole nje ya traiga, mtutu kwenye tuta la kuzuia risasi, nikasimama hivo hivo kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Yule msimamizi wa mashindano nyuma yangu alikaa kimya kidogo alafu nikamsikia anacheka kwa pua. Ilikuwa imeenda kuanguka nyuma yetu hatua nne tano hivi, kwenye kokoto, kioo kinaangalia juu.

Aliyefunga ile redi doti ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu huu, kwenye meza ya kulia chakula. Na kazi yangu mimi ni kukaza vitu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga, gereji nimeanza Ngamiani kwa mjomba nikiwa mdogo wa kutumwa spana namba ngapi, tukifungua matairi ya Fuso na Scania, na sa hivi niko upande wa Fort Worth nafanya yale yale isipokuwa malori ni makubwa zaidi na hela inaingia benki. Nati za tairi za haya malori ya huku tunazikaza paundi-futi 450 mpaka 500, unatumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ndefu kama mpini wa jembe, unailalia na kifua. Sasa mtu wa namna hiyo umpe viskrubu viwili vyenye ukubwa wa punje ya mchele umwambie afunge, si atadharau. Nilidharau.

Na kabla hamjanijaza meseji: ndiyo ninayo grini kadi, na mwenye grini kadi huku anaruhusiwa na sheria ya nchi kununua silaha, unajaza fomu namba 4473 dukani wanakupitisha kwenye mfumo wa FBI wa kukuangalia historia yako, ukiwa safi unapewa. Mtu aliyekuja na viza ya kutembea au ya masomo mambo yake ni tofauti kabisa asijidanganye kwa kuniona mimi. Na hapana, siwezi kumtumia mtu kitu nyumbani. Hata hiko kioo peke yake bila bastola, kukitoa Marekani kina sheria zake, na ukikifikisha Tanzania unakutana na sheria ya silaha ya mwaka 2015, kwahiyo tusisumbuane.

Mchezo wenyewe niliokuwa nacheza siku ile unaitwa Steel Challenge, ni kupiga mabamba ya chuma kwa haraka, mabamba matano, la mwisho ndo linasimamisha saa. Steji ilikuwa Smoke & Hope ambayo kila mtu anaipenda maana ni rahisi, mabamba manne makubwa ya inchi 18 kwa 24 na moja la duara inchi 12 katikati. Yaani mtoto anapiga. Mimi ndo nikachagua hapo pa kupoteza saiti.

Sasa redi doti ni nini, maana najua kuna wanaosoma hapa hawajawahi kushika, na wengi nikiwaambia wanawaza ule mwanga wa sinema unaotua kifuani kwa adui. Sio huo. Ule ni leza. Hii haitoi kitu chochote kwenda kwenye shabaha, ni kitaa kidogo cha LED kinapiga kwenye kioo kilichopakwa dawa maalumu kinachorudisha ile rangi nyekundu machoni kwako tu, mwenye kushika, aliye mbele haioni ile doti. Faida yake ni kwamba saiti za kawaida za chuma jicho linahangaika na vitu vitatu kwa pamoja, ya nyuma, ya mbele na shabaha, na jicho haliwezi kuona vyote vitatu vizuri kwa wakati mmoja. Nina miaka 46. Ile ya mbele kwangu ilishakuwa wingu. Kwa doti unaangalia shabaha tu, macho yote mawili wazi, doti inakuja yenyewe inakaa juu yake, kama umeinua mkono vizuri lakini, ukiinua vibaya unaanza kuitafuta kwenye kioo kama umeangusha sindano.

Wasweden wa Aimpoint walitengeneza ya kwanza ya umeme mwaka 1975, ya bunduki za kuwindia. Kwa bastola ilichukua muda mrefu sana na sababu yake ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Bunduki ya kuwindia unafunga saiti mahali ambapo hapaendi popote, mtikisiko upo lakini chuma kimetulia. Bastola ya kisasa sehemu ya juu yote, slaidi, inatembea. Ukipiga risasi moja slaidi inarushwa nyuma, inagonga mwisho inasimama ghafla, springi inairudisha mbele, inagonga tena inasimama ghafla, yote hayo hata hujapepesa jicho. Risasi moja, vipigo viwili, kimoja kuelekea huku kingine kuelekea kule. Watu wa mashindano zamani walikuwa wanakwepa hilo kwa kufunga saiti kwenye fremu, ile sehemu ya chini isiyotembea, kwa kibanio kikubwa kinachopita juu ya slaidi, bastola inakuwa kama imebeba friji. Kampuni ya Trijicon walivyoleta redi doti yao ya RMR mwaka 2009 ndo watu wakaanza kuamini kwamba kinaweza kupanda juu ya slaidi yenyewe kikapona, na 2015 Glock wakatoa zile za MOS, slaidi imeshachongwa kiwandani, unachagua pleti inayolingana na saiti yako unafunga. Kwa RMR na ndugu zake, 507C ikiwemo, ni pleti namba 02.

Kwahiyo unakuwa na ghorofa mbili. Pleti inafungwa kwenye slaidi kwa skrubu mbili, alafu saiti inafungwa kwenye pleti kwa skrubu mbili zingine. Nne jumla, ndogo ndogo zote.

Nilivyofanya mara ya kwanza, nasema yote nisibakize: nilifungua pleti ya kiziba iliyokuja na bastola, nikaona kuna mafuta kidogo nikapangusa na fulana. Nikaweka pleti, nikadondoshea Loctite ya bluu, ile dawa ya kuzuia skrubu isilegee, mle kwenye tundu mpaka ikafurika, nikakaza. Nikaweka saiti, nikakaza skrubu ya kulia mpaka mwisho kisha ya kushoto mpaka mwisho, kwa kile kijiti cha L kinachokuja kwenye boksi, kwa hisia za mkono wa fundi. Nikatikisa, haichezi. Mama Salma akapita akauliza ndo umemaliza? Nikamwambia hiki kitu kidogo. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa renji, uwanja wa shabaha, napiga.

Hamna hata kimoja hapo juu nilichokipatia, kasoro kuhakikisha bastola haina risasi. Hilo nalifanya kama sala: magazini nje, slaidi nyuma, jicho kwenye chemba, kidole kwenye chemba, na risasi zote chumba kingine kabisa, zisiwe meza moja na bisibisi.

Wiki ya kwanza ilipiga vizuri. Wiki ya pili risasi zikaanza kwenda kushoto. Nikasema labda mkono, nikazungusha kitufe cha kurekebishia, kliki tatu. Kila kliki ya hii 507C ni MOA moja, yaani kwa yadi 25 ni kama robo inchi hivi, kwahiyo kliki tatu sio kitu. Ikakaa sawa kwa magazini mbili. Ikarudi kulia. Nikazungusha tena. Wiki ya tatu iko juu. Nikabadilisha risasi, nikabadilisha mshiko, nikaangalia video, nikamlaumu daktari wa macho. Mtu ambaye lori likija gereji na tairi inayumba kitu cha kwanza anagusa nati, bastola inayumba mwezi mzima sikugusa skrubu.

Basi tuko pale kwenye kokoto. Kuna mzee mmoja wa Kizungu huwa anakuja na kiti chake cha kukunja, mtu wa mashine za kuchonga vyuma, amestaafu, haongei sana. Akaomba aone. Skrubu moja haikuwepo kabisa, tumeitafuta hatujaiona mpaka leo. Ya pili ilikuwa imekatika shingo, kichwa kimeondoka, mwili umebaki ndani ya pleti. Mzee akaigeuza juani, akasema ile isiyokuwepo imetoka zamani, siku nyingi tu, hii iliyokatika imekuwa inabeba mzigo wa mwenzake peke yake mpaka ikachoka. Alafu akaniuliza nakaza kwa kiasi gani. Nikamwambia vizuri tu, mpaka iwe ngumu. Akaniangalia, akarudi kwenye kiti chake. Baadae ndo akaniita.

Alichonieleza nitakisema kwa mfano wetu maana wa kwake ulikuwa wa ndege. Umeona jamaa anavyofunga magunia ya mkaa nyuma ya baiskeli, kutoka huko Handeni mpaka barabarani? Anafunga na mpira wa tyubu, anauvuta mpaka unalia. Ule mpira hauzuii gunia kwa kusimama mbele yake, unalikandamiza gunia kwenye keria, na ule mkandamizo ndo unafanya gunia lisitembee. Mpira ukilegea kidogo tu, hata kama haujakatika, gunia linaanza kucheza, na likishaanza kucheza kila shimo linaulegeza mpira zaidi. Skrubu ni mpira huo huo. Ukiikaza inavutika kidogo kama springi, inakandamiza saiti kwenye pleti. Haitakiwi ibebe kipigo cha mbele na nyuma kwa ubavu wake, hiko kipigo kinabebwa na ule mkandamizo pamoja na zile nguzo fupi zilizochomoza kwenye pleti zinazoingia kwenye matundu chini ya saiti. Saiti ikiwa imepwaya kwenye nguzo na skrubu imelegea, kila risasi saiti inapiga skrubu kama nyundo, mara mbili.

Kwahiyo kumbe kuna kulegea na kuna kukaza kupita kiasi na vyote vinakupeleka kule kule, maana ukivuta mpira mpaka ukachanika huna mpira. Skrubu hizi ndogo nyuzi zake ni chache zilizoshika, pleti yenyewe nyembamba, mkono wa gereji ukiingia pale unakula nyuzi au unaivuta skrubu inaanza kukatika kimya kimya. Trijicon kwa RMR wanasema inchi-paundi 12. Nikarudia kusoma. Inchi-paundi 12 ni paundi-futi moja. Moja! Nati yangu ya lori ni 500. Ndo maana hisia ya mkono wangu haikuwa na maana yoyote pale, mkono wangu haujui moja ni nini. Kwa saiti yako fuata karatasi iliyokuja nayo, na pleti nayo ina namba yake tofauti, usichanganye.

Nikanunua bisibisi ya toki, ile ya inchi-paundi, unazungusha namba ikifika inakwambia kwa mkono tak, basi unaacha. Sio ghali kama redi doti. Mama Salma aliuliza una spana za toki ngapi humu ndani, nikasema nne, akasema na hii ya tano ya nini, nikamuonesha ile pleti yenye skrubu iliyokatika, akacheka mpaka akakaa chini.

Pleti ile ya zamani sikuhangaika nayo, kutoa kipande cha skrubu kilichokatikia ndani ni kazi ya saa nzima kwa kitu cha kutupa. Nikaagiza nyingine ya chuma nene zaidi ambayo nguzo zake zimechongwa kukaa kabisa na 507C, ukiweka saiti unaisukuma kwa kidole gumba inaingia kwa kubana, hata bila skrubu ukiipindua haidondoki. Hapo tu nikaona tofauti. Wapo wanaosema usihangaike na pleti kabisa, peleka slaidi kwa mchongaji aichonge ikae saiti moja kwa moja, inakaa chini zaidi na skrubu zinabaki mbili tu. Ni kweli, lakini slaidi inaondoka wiki kadhaa na umeshaoa, ukitaka saiti ya umbo lingine mwakani ndo basi tena. Mimi wa Jumamosi Jumamosi pleti inanitosha.

Mara ya pili nilifunga hivi. Slaidi nje ya fremu, mtutu na springi nje. Skrubu, pleti, matundu, vyote nikasafisha na spiriti na pamba, nikarudia mpaka pamba inatoka nyeupe. Breki klina, dawa ya kusafishia breki, ninayo galoni nzima ila sikuisogeza karibu na saiti maana inakula plastiki na ile dawa ya kwenye kioo. Mafuta yakibaki kwenye nyuzi Loctite haishiki, inabaki maji maji tu, na namba yako ya toki nayo inadanganya kwa sababu nyuzi zenye mafuta zinateleza, unavuta skrubu zaidi ya unavyodhani. Hili nalijua tangu Ngamiani! Nati yenye grisi na nati kavu sio kitu kimoja, mjomba alishanipiga kofi kwa ajili hiyo.

Alafu urefu wa skrubu. Hapa ndo pana ujanja na hapa ndo nilikosea tena, ngoja nieleze. Kwanza zile za kushikia saiti kwenye pleti: pleti ikiwa mkononi, haijapanda kwenye slaidi, weka saiti juu yake, pitisha skrubu, zungusha kwa vidole na bisibisi kidogo mpaka ifike, kisha geuza uangalie chini. Ncha ikichungulia upande wa chini wa pleti, hiyo ni ndefu. Ukiifunga hivo kwenye bastola ile ncha itagonga slaidi, mkono utasikia imekaza, bisibisi ya toki itasema tak, na saiti haijakandamizwa na chochote. Unaondoka na furaha na saiti imekaa bure.

Pili zile za kushikia pleti kwenye slaidi. Pakiti yangu ilikuja na urefu wa aina mbili, nikaona zinafanana nikachukua yoyote. Kwenye Glock, tundu la upande wa kulia, upande linapotokea ganda, linakwenda kukutana na mfereji anaokaa yule pini na springi anayesukuma ekstrakta, yaani ile kucha inayovuta ganda tupu kutoka kwenye chemba. Skrubu ikiwa ndefu inaingia kwenye mfereji inambana yule pini, kucha inakosa nguvu. Mimi sikujua. Nilifunga vizuri, nikasubiri, nikaenda renji kifua mbele, magazini ya kwanza risasi ya tatu ganda limekwama dirishani limesimama wima. Ya pili vile vile. Mzee kwenye kiti chake hata hakuinuka, akanionesha kwa kidole tu upande wa kulia wa slaidi.

Nikarudi nyumbani nikafungua kila kitu upya. Kweli, ile ya kulia ilikuwa ndefu na ncha yake imeng'aa kwa kusuguana. Siku hizi kabla sijaweka hata tone la Loctite nafunga pleti kavu, nasukuma ile kucha kwa kijiti cha mbao, lazima icheze iende na irudi yenyewe bila kusita. Isiporudi, skrubu ni ndefu. Sekunde kumi tu.

Loctite ni ya bluu, mimi natumia 243. Nyekundu 271 kaa nayo mbali, hiyo ili ikuachie inabidi uipashe moto kama sentigredi 260, na pale juu kuna umeme na kioo, utachoma. Tone linawekwa kwenye skrubu, nyuzi mbili tatu za mbele, sio kwenye tundu. Mimi ile ya kwanza niliyomwaga ilishuka mpaka kwenye ule mfereji wa pini, niliikuta imegandia humo. Na hii dawa haikauki kwa hewa kama gundi ya viatu, inakauka ikikosa hewa ikiwa imebanwa kati ya chuma na chuma, ndo maana chupa yake ukinunua haijazwi. Inaanza kushika ndani ya dakika chache lakini nguvu yake kamili ni saa 24. Ile saa yangu moja na nusu nilikuwa nimeipeleka bastola renji na dawa haijaiva.

Kukaza: kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto, kulia, mpaka zote mbili zifike kwenye namba. Ukimaliza upande mmoja kwanza unakuwa umeinua upande wa pili, haikai bapa. Nani asiyejua hili, tairi ya lori unakaza kwa nyota, nati hii kisha ile inayoiangalia. Mimi nilijua. Kwenye meza ya chakula sikujua.

Pleti kwanza, kisha saiti, kisha nikaiacha kabatini siku nzima na usiku wake bila kuvuta slaidi hata mara moja, na hiyo kwa kweli ndo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Kisha alama. Kwenye malori ya huku tunaweka vile vishale vya plastiki vya njano juu ya nati za tairi, ukipita asubuhi unaona kwa mbali kishale kimegeuka, unajua nati imetembea. Nimeweka maelfu. Kwenye skrubu nikachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwenye mwili wa saiti kwa rangi ya kucha ya mama Salma, nyekundu ile ya Idi, nikaomba kwanza safari hii. Mstari ukikatika, skrubu imetembea. Sihitaji bisibisi wala kubahatisha, natazama tu kabla sijaanza.

Kuipatia ziro, yaani risasi itue pale pale ilipo doti, ilinichukua magazini tatu. Unaanza yadi 10 umekaa, mkono juu ya mfuko wa mchanga, unapiga tano tano, sio moja moja, maana ukirekebisha kwa kila risasi moja unarekebisha makosa yako sio ya saiti. Unaangalia zile tano zimekaa wapi ndo unazungusha. Kisha unasogea yadi 25 unarudia. Nilimaliza na kliki mbili chini na moja kulia na sijazigusa tena. Risasi kama 1,800 zimepita. Mstari wa rangi ya kucha uko palepale, umechakaa kidogo tu. Betri nimebadilisha mara moja, CR1632, hii 507C inakaa kwenye kidroo cha pembeni kwahiyo hufungui skrubu, wenye RMR ya kawaida betri iko tumboni inabidi wang'oe saiti nzima na waanze Loctite upya, na mimi kwa niliyoyapitia hapana asante.

Saiti yenyewe, ile iliyoruka? Ni hiyo hiyo. Kona moja imekwaruzika na kokoto, kioo kizima, doti inawaka. Na miwani niliyovaa siku ile nimeiweka palepale kwenye mkoba maana ingepita inchi mbili kushoto ningekuwa naandika mengine.

Kuna jamaa yangu wa Eldoret tunafanya naye kazi, anafuatilia sana wenzake wa IDPA, mashindano mengine ya bastola, kule Kirigiti, Kiambu, Kenya, na yeye kanunua ya kwake juzi anataka nimfungie. Nimemwambia aje Jumapili baada ya ibada, bastola tupu, risasi aziache kwake, na ile impakti ya umeme, mashine ya kukazia nati, niliyomuona anaichaji aiache gereji.